Nimechora Maji Mahali Tusipokanyaga

Mpendwa mshauri,

Miaka sita nimekuwa nikisoma barua za wenzangu kwenye ukurasa huu kila Jumamosi, nikimsomea mke wangu kwa sauti na kusema huyu naye alitegemea nini, na leo zamu imenifikia mimi, kwa hiyo naomba msaada wako, na ukinicheka nitajua ni haki yangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mke mmoja, magoti mawili yasiyoelewana, na kazi yangu ni kuchora ramani katika ofisi ndogo ya kutafuta maji ya ardhini, watu watano na birika moja la chai. Wenzangu wa ofisi nyingine huchora kwa kubofyabofya vitufe lakini mimi ni wa zamani, naandika amri kwenye skrini nyeusi, mstari baada ya mstari, huu unachora barabara, ule unachora njia tulizopima, mwingine unachora namba zenyewe kando ya njia, kisha ramani inatoka nzima kama mkate, na ndiyo maana ofisini naitwa Mzee wa Amri, jina ambalo nyumbani halitumiki kabisa.

Kupima kwenyewe si kugumu kukueleza. Mpimaji wetu, dada mmoja mrefu mwenye hatua ndefu, anatembea na kifaa kwenye njia iliyonyooka, kila mita tano kifaa kinaandika namba, na namba ikipanda huenda chini kuna mwamba uliopasuka na kushika maji. Hapo mimi huchora mstari ukivimba upande wa kulia wa njia, nikaujaza rangi nyekundu, na uvimbe huo ofisini unaitwa kitambi, jina ambalo sijauliza walilitoa wapi kwa sababu ni mimi niliyekaa mbele yao miaka yote.

Sasa katika amri yangu kuna kipande kidogo, herufi moja na namba moja, kinachoiambia programu kwamba ukikuta vituo viwili vya kupimia vimeachana zaidi ya mita ishirini, inua kalamu, usiviunganishe, maana hapo katikati hakuna aliyepima. Kipande hicho nimewafundisha watu, nimewagombeza watu kwa kukisahau. Basi tukapewa kazi ya zahanati moja ambayo wafadhili wameipa kisima kimoja, narudia, kimoja, na njia yetu ya saba ikaangukia kwenye yadi kubwa ya mbao iliyo jirani, mpimaji akafika kwenye uzio wa waya, akakutana na mbwa asiyetaka mazungumzo, akazunguka na kuendelea upande wa pili, kwa hiyo ndani ya yadi, mita mia moja na themanini, hatuna namba hata moja, na zile za kwenye uzio huku na huku zilipanda juu sana kwa sababu ya chuma cha ule waya, jambo ambalo mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni analijua.

Ramani ilitoka imekatika katikati kama suruali iliyochanika gotini, na kesho yake tulikuwa tunaionyesha kwa kamati ya zahanati, nami napenda ramani yangu ipendeze, basi nikakitoa kile kipande nione tu itakuwaje, na programu ikatii, ikavuta mstari kutoka uzio hadi uzio, ikajaza nyekundu, kikatokea kitambi ambacho katika miaka ishirini na minne ya kazi sijapata kukiona, kinene, laini, kimejilaza katikati ya yadi kama baba mwenye nyumba. Nilikusudia kukirudisha kile kipande. Nikaenda kuchukua chai.

Niliporudi bosi wetu, ambaye ni kaka wa mke wangu, alikuwa ameinama mbele ya skrini yangu.

“Shemeji, hiki nini?”

“Hiyo nilikuwa najaribu tu, bado kuna—”

“Unajaribu nini? Haya ni maji. Chapisha nakala kumi.”

Nikachapisha, mshauri. Vidole vyangu mwenyewe.

Kesho yake mbele ya kamati shemeji akanishika bega akasema huyu ndiye aliyeyaona, na mkunga mkuu, mama wa rika langu mwenye mikono mikubwa, akaja akanishika mkono hakuuachia, akanieleza kwamba wanaokuja kujifungua huambiwa waje na madumu mawili ya maji, na asiye na ndugu wa kumbebea huazima kwa aliyelala kitanda cha pili. “Mungu akupe maisha marefu, baba,” akasema. Mwenye yadi naye yupo, akasimama akasema atatoa kiwanja cha kuchimbia bure, na tangu wiki iliyopita vijana wake wanahamisha marundo ya mbao. Mashine ya kuchimba inafika Jumanne tarehe kumi na tisa.

Juzi mpimaji akasimama mbele ya ramani ukutani, mikono nyuma, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

“Mzee wa Amri, mimi pale ndani niliingia lini?”

“Nitaangalia,” nikamwambia.

“Angalia. Mimi sijaona kitu, ila miguu yangu inajua ilikopita.”

Nikamweleza mke wangu yote. Nikamwambia labda niseme programu ilikosea. Akanitazama akasema, “Programu ilifanya ulichoiambia. Hata mimi siku nyingine hufanya ulichoniambia, na matokeo unayajua.” Halafu akaongeza kwamba kaka yake ataniua.

Mshauri, nifanye nini? Huenda maji yapo palepale na mimi najitia presha bure. Shemeji ndiye aliyeniingiza kazini nilipokuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima, na nikisema ukweli sasa nitamvua nguo mbele ya kamati, na nisiposema yule mkunga anaweza kuishia na shimo kavu. Naweza kuchapisha ramani nyingine kimyakimya nikaibadilisha pale ukutani?

Ni mimi, Mzee wa Amri, kwa sasa.

*

Mzee wa Amri,

Barua yako nimeirukisha foleni. Wenye wachumba wasiopokea simu wanisamehe. Wachumba wao wiki ijayo bado watakuwa hawapokei, lakini mashine ya kuchimba haisubiri gazeti.

Nimekucheka, maana uliomba. Nimecheka kwenye suruali, nimecheka kwenye chai. Nilipofika kwa mkunga nikaacha.

Uliniuliza kama ubadilishe ramani kimyakimya. Jamani. Nakala kumi ziko mikononi mwa kamati, marundo ya mbao yanahama, halafu wewe utapanda kiti na pini nne asubuhi na mapema ukidhani hakuna atakayeona kitambi kimekonda? Na huyo dada anayebeba kifaa amekupa nafasi kwa heshima kubwa kuliko uliyostahili. Usimfanye aamue yeye wakati jambo ni lako.

Unasema huenda maji yapo. Huenda. Hata chini ya kitanda changu huenda yapo, na hakuna aliyeniletea mashine. Umekaa kwenye kazi hii miaka ishirini na minne ili watu wasichimbe kwa huenda. Habari ya kusingizia programu, mkeo ameshaimaliza, sina la kuongeza.

Pole kwa hofu ya shemeji. Hiyo naielewa, kula na bosi wako meza moja kila sikukuu ni kazi ya pili isiyo na likizo. Lakini fikiri kidogo: unasema ukisema utamvua nguo. Alikuuliza “hiki nini”, ukamjibu nusu, akaenda mbele ya watu na nusu hiyo. Nguo ulishamvua, bado hajajua tu. Ukimwambia sasa atapata muda wa kuvaa.

Wala sidhani wewe ni mtu mbaya. Ulitaka kazi yako ipendeze. Mimi picha yangu hapo juu ya ukurasa ni ya miaka kumi na miwili iliyopita, na hata wakati ule nywele zilipakwa rangi. Tofauti yetu ni kwamba hakuna anayechimba kwenye picha yangu.

Sasa sikiliza. Leo ni tarehe tisa. Jumatatu fika ofisini kabla ya birika. Rudisha kile kipande cha kuinua kalamu, ondoa na zile namba za kwenye uzio unazojua ni chuma, chapisha ramani na pengo lake likiwa jeupe kama lilivyo. Iweke mezani kwa shemeji pembeni ya ile ya kwanza, ofisini, mlango umefungwa. Usimsubiri nyumbani ukamfanya mkeo hakimu kati ya mume na kaka. Sentensi yako ya kwanza ianze na “nilitoa”. Ukijisikia unaanza na “ilitoka”, nyamaza, vuta pumzi, anza upya. Atafoka. Mwache afoke mpaka amalize, usimkatize kwa maelezo ya kitaalamu.

Akimaliza, nendeni wote wawili kwa mwenye yadi mumwombe mambo mawili: asimamishe kuhamisha mbao, na amfunge mbwa kwa asubuhi moja. Mtu aliyetoa kiwanja bure hatawanyima asubuhi. Dada wa kifaa apite humo ndani, njia tatu, mbali na uzio, na wewe utembee nyuma yake kwa hayo magoti yako ubebe daftari, ili angalau safari hii mchoraji ajue palipokanyagwa.

Jumatatu hiyohiyo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine, nenda kwa mkunga. Nenda peke yako. Mwambie nani alichora na alichora nini. Ataacha kukuita baba, na utavumilia. Akikuuliza maji yako wapi, mwambie hujui bado, kisha mtajie siku utakayojua, na siku hiyo urudi, hata kama jibu ni baya.

Namba mpya zikikataa, mashine bado itakuwa na muda wa kuelekezwa kwenye zile njia nyingine ulizozipima kihalali. Baada ya tarehe kumi na tisa itachimba pale ulipoichorea, na mama atakayejifungua wiki hiyo atamwogesha mtoto kwa kitakachotoka.