Kifurushi cha Mama Zuhura

Jumatano, Kariakoo

Mkoba mmoja tu wa mkononi, wamesema watu wa ndege, na wangu umeshajaa sabuni za mama yangu aliyeko Bukoba.

Halafu leo jirani yangu, Mama Zuhura, kaniletea kifurushi nimpelekee mwanawe anayefundisha huko huko. "Kidogo tu, mwanangu, kitaingia." Kimeshonwa kwa uzi, kizito kama jiwe. Ningekataaje? Nilipougua malaria ndiye aliyenipikia uji. Na amana haifunguliwi.

Lakini siku hizi uwanja wa ndege wanapekua, wanatafuta walanguzi. Kama ni sukari ya magendo...

Nimetoa nusu ya sabuni, nimekipachika katikati. Mama ataendelea kufulia majani ya mpapai, maana kwao sabuni haionekani madukani.

Kesho wakiuliza ni cha nani, nitasema changu. Mama Zuhura ana pumu, rumande hawezi.