Nilikunyoshea Mukono Tu

Nyalukemba, mvua haijakatika tangu asubuhi

Mama mukubwa Mapendo,

Maharagi yako yalifika muzuri, na mutoto wangu Cédric alikula mpaka akasahau wali. Aksanti sana.

Sasa juu ya dot ya Laurette, ile siku ya kutoa mahari yake. Ulitoka Walungu na kitenge kipya, ukaniletea kichwa tusalimiane kwa kugusana vichwa kama siku zote, kushoto, kuume, kushoto. Mimi nikarudi nyuma, nikakunyoshea mukono tu. Ukaondoka mbele ya chakula kuletwa. Watu wakasema, “Bintu anasikia haya juu ya ndugu zake wa kijiji.” Niliwaacha waseme. Ilikuwa rahisi kuliko kufungua kitambaa nilichojifunika nacho kichwa mpaka shingoni.

Mama, chini ya sikio langu la kushoto kuko kivimbe, kwenye tezi ya mate. Munganga wa hospitali anasema haiko kansa. Lakini kisu kinaweza kugusa mushipa wa uso na kinywa kikapinda, nikaogopa. Nimeingia katika utafiti wao: sindano yenye kupata moto ya kukiunguza ndani, wakiangalia kwa echo, ile mashini ya kuonyesha ndani ya mwili, bila kupasua. Waliniambia wazi, “Hatukuahidi kitu, maman. Na sisi tunajifunza.” Kimepungua, hakijaisha.

Ile siku ya kwanza munganga alikigusa bila kushtuka. Nililia. Mugeni alikigusa, na wewe uliyenibeba mugongoni nilikufikiria vibaya kiasi hiki, kwamba utashtuka.

Noeli nitakuja bila kitambaa. Mbele ya watu wote, kama ungali unanitaka, tuanzie kushoto.

Mutoto wako,
Bintu