Banki Haikumwambia Uliko

Uvira, Jumapili

Mudogo wangu Naomie,

Mama anakusalimia. Mguu wake umepona, na ndagala ni nyingi sokoni, tunakula mpaka tunachoka. Nawe, ule mkono aliokuvunja bwana yako Cyprien, sasa unaweza kubeba mtoto?

Jumatatu alinilazimisha twende naye kwenye banki yako. Pale gishe, kwenye dirisha la kuhudumia wateja, akauliza namba yako mpya ya simu na mahali unapoishi. Niliogopa, maana banki inajua vyote.

Mama wa gishe akamjibu polepole: "Papa, sheria inatukataza. Kila muteja tulimutumia tangazo kwamba habari zake hatumupi mtu bila yeye kukubali."

"Ni bibi yangu."

"Hata bibi yako, Papa."

Cyprien akatoka bila kuaga. Mimi nilibaki kwenye benchi nikilia kwa furaha.

Barua hii nampa mtawa wa parokia, anayejua uliko. Mimi usiniambie, Cyprien asije akanilazimisha kusema. Niandikie tu kama mtoto ameanza kutembea, na kama anacheka kama wewe.

Yaya wako anayekukumbuka kila siku,
Apolline