Kiwanja Kikabidhiwe Kitupu

Nyumba ya uani, chumba cha mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Aprili

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako bado yuko kiwandani, na wapwa zako wanakua haraka kuliko viatu vyao. Ningeweza kukupigia simu, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na wewe utasema mtandao ni mbaya.

Habari yenyewe ni ya shangazi. Ulipoondoka alikuwa bado anakaa kule mlimani, katika nyumba aliyotulea baada ya baba kufariki. Hukuwahi kuuliza alihamia wapi, basi nikueleze. Alipanga vyumba viwili kule bondeni, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani yake. Wakati huo hakuna aliyeutaka mtaa ule. Mvua ikinyesha, watu walivua viatu wakavibeba mkononi. Mwenye nyumba, mzee wa watu, alikuwa akipandisha kodi kwa aibu, kama mtu anayekuja kukopa chumvi.

Kisha ikaja barabara ya lami. Baada ya lami, chuo kikafungua tawi ng'ambo ya barabara, wanafunzi wakamwagika mtaani kutafuta vitanda. Chumba cha mtu na mkewe kikawa kinalaza vijana wanne, kila mmoja na kodi yake. Hapo madalali wakaanza kupita wakipiga picha kuta za watu. Wanunuzi wenyewe wala hawafiki, Kaka. Wako mbali, wananunua kwa kutazama simu, bei wakitajiwa hawabishi. Na kila asiyebisha anampandishia bei jirani asiyemjua.

Yule mzee akafa. Kabla udongo wa kaburi haujakauka watoto wake wakapandisha kodi. Shangazi akalipa, akaacha kununua dawa za presha. Wakapandisha tena. Akarudisha chumba kimoja, cherehani akaisogeza karibu na kitanda, akawa anashona akiwa amekaa juu ya godoro. Mwishowe wakauza.

Dalali wa pale anaitwa Funguo, maana hakuna mlango usiomfungukia. Alimpa shangazi notisi bila hata kushuka kwenye pikipiki. Shangazi akamwomba amwache amalize sare za watoto, shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi," Funguo akamwambia. "Mteja anataka kiwanja kitupu. Na kitupu ni pamoja na wewe."

Siku ya kubomoa nilikuwepo. Walipanda juu wakaanza kung'oa mabati, na shangazi yuko ndani anashona. Hakuinua hata uso. Manyunyu yalipoanza kumwangukia, akavua kitambaa cha kichwani akafunika cherehani, yeye mwenyewe akabaki na mvi zake kwenye mvua.

"Mtoeni huyo bibi," Funguo akapaza sauti, "asije akaangukiwa na ukuta nikapata maswali!"

Walimtoa wamemshika makwapani kama mlevi. Cherehani waliitupa nje, ikaishia mtaroni, na haijazunguka tena. Waliosimama kutazama wakacheka, maana shangazi alikuwa peku na bado ameshika mkasi.

Nilimfuata Funguo nikamsihi aniambie mnunuzi ni nani, niende nikampigie magoti. Akafurahi kuulizwa. Akanionyesha picha kwenye simu yake.

"Huyu hapa. Yuko ng'ambo. Nipe wateja kumi kama huyu nistaafu."

Ulikuwa umevaa miwani ya jua, Kaka, unatabasamu. Akaniwekea na sauti yako, nikaisikia kwa masikio yangu: "Ndugu yangu, sitaki kesi za wapangaji. Nikabidhi kikiwa kitupu."

Najua hukujua. Nimejiambia hivyo mpaka nimechoka. Lakini hukuuliza ndani yake kuna nani. Ungeuliza tu, Funguo angekutajia bibi mmoja fundi cherehani, na moyo ungekushtuka.

Sasa analala hapa kwetu, chini, katikati ya wanangu. Nalo halitadumu. Mwenye nyumba wetu alikuja juzi na kodi mpya. Anasema kuna mtu wa ng'ambo anajenga ghorofa bondeni, eneo zima limepanda thamani, tupande nalo au tutoke. Tunatoka. Tunahamia kule nyuma ya machimbo ya kokoto, maji ni ya kununua kwa dumu, na shemeji yako atakuwa akiamka gizani awahi zamu. Ndipo mfuko wetu ulipofika.

Ule ujumbe wako wa kuniomba nisimamie ujenzi niliupata. Sitaki. Mpe Funguo, mnaelewana.

Shangazi anajua. Alirudi kule kupekua kifusi, akitafuta kopo lake la sindano. Msimamizi wa mafundi akamfukuza, akamtajia jina lako lote, la kwako na la baba, akasema mwenye kiwanja hataki ombaomba ndani ya uzio. Alifika nyumbani akakaa, akala, akaosha sahani yake. Kisha akasema, "Kumbe mwanangu amefanikiwa." Baadaye kidogo akaniambia, "Usimwandikie. Atakosa usingizi."

Nimekuandikia ili ukose.

Nisalimie wifi, hana kosa. Shemeji yako amesema nisimtie kwenye salamu, lakini wapwa zako wanakusalimu, bado wanadhani mjomba wao ni mtu mkubwa. Mungu akulinde na baridi ya huko, aimalize nyumba yako salama, na akupe wa kuingia ndani yake akiwa na furaha. Shangazi anauliza kama huko unakula vizuri. Mimi nimeshindwa kumjibu. Mjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyejaribu kuacha kukupenda nikashindwa.