Kuni Zinapotorokea

Baba mpendwa,

Kamwene, salamu ya kwetu kwanza. Tulikuzika ukiwa bado unanisema kwa kuchelewa kuamka, na sasa watu wananiita mkaguzi. Usicheke kwanza.

Nasoma hapa Mbeya ukaguzi wa nishati viwandani: umeme, kuni na mvuke vinaenda wapi, na vinapotelea wapi. Kazi yenyewe uliifanya zamani kwenye boila ya kiwanda cha chai, ila hukupewa cheti. Nikikuletea chakula ulinisimamisha kando ya mabomba na kuniambia nifumbe macho. Nikisikia "sss", unasema, "Hapo ndipo kuni zinapotorokea."

Mwezi uliopita nilipewa mtihani wa mwisho: nikague peke yangu kinu cha kukoboa mpunga upande wa Madibira. Nisipopata cha kuandika, hakuna cheti. Nikapiga simu kistaarabu kwamba mkaguzi anakuja Jumatatu. Baba, nilidhani nimefika mbinguni. Taa za mchana zimezimwa, hakuna mota inayozunguka bure, sakafu inang'aa. Msimamizi, mama mmoja Msangu, alikuwa amevaa kitenge cha harusi. Kumbe walikuwa wameelewa kwamba mkaguzi ni yule wa kupunguza watu kazini. Vipimo vyangu vikatoka safi, nikaondoka nimenywea.

Ndani ya basi nikamkumbuka mchungaji wetu. Siku akitutembelea nyumbani Nyololo, sisi watoto tulikaa mstari mmoja kama soda kwenye kreti, hata mbwa alitulia. Aliposifia malezi yetu ulimjibu, "Mchungaji, ukitaka kutujua, njoo Jumatano bila kusema." Mama alikukanyaga mguu chini ya meza, nilimwona.

Basi nikarudi Jumatano bila kusema. Nikaomba chai, nikakaa nao kwenye magunia, nikawaeleza kwamba kazi ya mtu yeyote haimo kwenye karatasi zangu. Kisha nikafumba macho. Sss, juu ya mlango, bomba la hewa inayosukumwa kwa umeme. Sss nyingine, nyuma ya mashine. Na mota moja ilikuwa inazunguka bila mpunga. Yule mama akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, utatuandika?"

"Siandiki watu, mama. Naandika upepo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanionyesha mwenyewe tundu la tatu, ambalo masikio yangu yalilipita. Cheti nimepata, Baba. Nina furaha kupita kiasi, na nina hasira kidogo kwamba hupo.

Nilikipeleka nyumbani. Saa kumi na moja jioni, muda ule ambao wewe ulikuwa unatoka zamu, Mama alibandika birika. Maji yakachemka, yakaendelea kuchemka, sss, na hakuna aliyeliepua. Anafanya hivyo kila siku. Kwa masomo yangu, huo ni upotevu mtupu.

Nimeukagua vizuri. Sijauandika.

Mwanao,
mkaguzi wa Jumatano