Macho ya Shangazi Apolonia

Jumamosi, 15 Juni 2024. Shinyanga.

Maonesho yangu ya kwanza. Ukumbi wa parokia. Jina langu mlangoni — Kalisti, Mchoraji — nimeliandika mwenyewe, maana mkate wangu ni huo, kuandika mabango ya maduka na saluni.

Watu walikuja. Wakala sambusa, wakapiga picha zao wenyewe, wakaondoka. Mke wangu Serafina alikaa karibu na mlango, anapokea wageni kama tuko msibani.

Aliyesimama kutazama ni mmoja tu. Violeth, mwalimu wa sanaa kutoka Mwanza. Alizunguka ukumbi mzima kimya, akarudi, akaniuliza hawa wa kwenye picha ni ndugu? Nikamwambia hapana. Huyu padri mstaafu, huyu ana duka la pembejeo, huyu mama ntilie wa stendi. Akasema mbona wote nimewapa ngozi moja. Hakuna aliyechoka. Hakuna aliyewahi kuumwa. Watu wa bango la saluni.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeuma. Na nilipogeuka kutazama, ni kweli. Padri na mama ntilie wana mashavu yaleyale.

Nimerudisha picha nyumbani Ngokolo kwa guta la mizigo, nimezifunika shuka. Sikutaka majirani waulize imekuwaje.

Jumatatu, 8 Julai. Masumbwe.

Nimekuja kwa Shangazi Apolonia. Dada yake baba. Mama alipofariki ndiye aliyenichukua, akanilea pamoja na mwanawe Maganga. Sasa Maganga anachimba dhahabu Chunya, anapiga simu Krismasi. Shangazi anaishi peke yake kijijini, nje kidogo ya mji. Mbuzi wawili, mlango wa bluu wenye msalaba mweupe aliouchora Maganga siku ya kipaimara.

Bado anapikia vijiti vya pamba na magunzi. Jiko halina dirisha. Macho yake mekundu, yana maji muda wote. Yako hivyo miaka mingi. Nilikuwa nimeacha kuyaona — ni sehemu ya uso wake, kama pua.

Leo nimeyaona.

Nikamwomba akae nimchore. "Mimi tena? Wasichana wamekwisha Shinyanga?" Akaenda kuvaa kitenge kipya. Nikamwambia hapana, baki na hicho cha jikoni. Alinitazama kidogo. Akakivua kipya, akakikunja vizuri, akakaa.

Jumapili, 14 Julai.

Nimemaliza. Siamini.

Kila mkono ulipotaka kulainisha, niliuondoa kwenye kanvasi. Mikunjo ya shingo ipo. Jino lililokatika lipo. Nyuma yake mlango wa bluu na msalaba. Halafu macho. Nilichanganya nyekundu na kahawia mpaka nikapata ule wekundu wenyewe, na unyevu wa pembeni. Nilipoweka doa la mwisho la mwanga, picha ikaanza kunitazama. Nikarudi nyuma mpaka nikakanyaga kuku.

Hii siyo bango. Hii ni kazi.

Shangazi aliomba kuiona. Nikamwambia bado kuna mambo ya kurekebisha, utaiona ikikamilika. Akanifungia karanga kwenye mfuko, akanisindikiza hadi barabarani.

Jumamosi, 21 Septemba. Geita.

Violeth ameichagua! Katika zote nilizompelekea amechukua hiyo tu. Banda la sanaa analolisimamia yeye kwenye maonesho ya biashara, kati ya wauza pampu na wauza karasha za kusagia mawe. Ameitundika katikati.

Watu wamejaa. Kwa mara ya kwanza maishani watu wamesukumana mbele ya kitu changu. Mama mmoja alijifunika kanga mdomoni. Kijana mmoja alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Nilisimama pembeni, nimevimba kama andazi.

Saa nane hivi akaingia Wiliam, mwenye maduara — mashimo ya dhahabu — huko Nyarugusu, na kundi lake. Akatazama. Akasema kwa sauti: kumbe bibi mwenyewe ndiye huyu, anayetufungia dhahabu kwa uchawi, macho si hayo mekundu. Banda zima likacheka. Akanigeukia. "Msanii, huyu umemtoa wapi?"

Vijana walikuwa wameinua simu. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikasema:

"Masumbwe. Lakini usimtazame sana, atakufuata mpaka shimoni."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Na mimi nikacheka.

Violeth hakucheka. Watu walipopungua akaniuliza, taratibu, huyu mama ni nani kwako. Nikasema ni mama mmoja tu wa kijijini.

Nimekula chakula kizuri leo. Nimekiacha nusu.

Jumapili, 22 Septemba.

Serafina amepiga asubuhi. Video imefika kwenye grupu la kwaya yao. "Hiyo sauti ni yako, Baba Noela?" Nikamwambia ni utani wa maonesho, mambo ya kuvuta watu. Akasema, "Yule ndiye aliyekufulia nepi." Akakata.

Banda limejaa tena leo. Wanaingia wameshika simu, wanalinganisha na picha. Wengine wanamwita jina. Bibi wa Masumbwe.

Sikukaa pale. Nilizunguka kwenye pampu.

Jumatano, 25 Septemba.

Eunice amenipigia. Ni jirani wa shangazi, wanakaa benchi moja kanisani. Sikumbuki kama amewahi kunipigia.

Kijijini kuna mtoto amefariki, mtoto wa Donatus, mwendesha bodaboda. Homa. Hiyo ilikuwa kabla ya maonesho, na siku ya mazishi shangazi alikuwepo, alikoroga uji wa wafiwa. Halafu video ikafika. Mlango wa bluu kila mtu anaufahamu. Msalaba pia. Watu wakaanza kukumbuka nani aliukoroga uji.

Wanawake hawamsalimii kisimani. Jumapili benchi lao lilikuwa na watu wawili tu, yeye na Eunice. Juzi mbuzi wake mmoja alikutwa amechinjwa, amelazwa mlangoni. Hajachunwa. Hakuna aliyemtaka kwa nyama.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wameliona hilo na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ngassa, ameitisha mkutano Jumamosi uani kwa shangazi. Eunice anasema mzee ana nia njema, lakini vijana ni wengi kuliko yeye.

Nikaanza kumweleza kwamba nilikuwa natania. Akanikatiza. "Wewe ndiye uliyesema, Kalisti. Uje wewe useme tena."

Nimeishusha picha. Wiliam alikuwa ameiagiza kwa ofisi yake. Nimemwambia haiuzwi, akadhani napandisha bei. Violeth amenisaidia kuifunga. Nilimwambia ukweli huku nimeinamia kamba. Kumbe ni shangazi yako, alisema. Basi. Akafunga fundo la mwisho, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 26 Septemba. Gesti, Geita.

Nimefanya jambo.

Nilifungua picha asubuhi, nikaiegemeza kitandani. Nikafikiri: kinachowatisha ni macho. Nikachukua nyeupe, na bluu kidogo kwa kivuli. Nikayasafisha. Yote mawili. Chai ilikuwa bado haijapoa. Mkono haukusita hata mahali pamoja — kazi hii naijua, nimeifanya miaka kumi na mitano kwenye kuta za saluni.

Sasa ni bibi mzuri wa kalenda. Jumamosi nitawaonesha: tazameni, ana nini huyu?

Nilijaribu kulala mchana. Nikaigeuzia ukutani.

Ijumaa, 27 Septemba. Masumbwe.

Mlango wa bluu umefungwa mchana. Sijawahi kuukuta umefungwa mchana. Mbele yake mchanga umefagiwa na majivu yamemwagwa kufunika damu ya mbuzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umekula?"

Hilo tu. Amekonda. Eunice alikuwa ndani, amehamishia godoro lake hapa tangu siku ya mbuzi. Hakuitikia salamu yangu vizuri, na sina neno.

Nikamwambia shangazi tuondoke leo hii, Serafina ameandaa chumba Ngokolo. Alikuwa anapepeta unga. Hakuacha. "Nikiondoka leo watasema nimekimbia. Na mimi nimekimbia nini?" Nikasema usalama wako. Akasema watu hawa amewazalisha wake zao. Kama wanataka kumwambia neno, watamwambia amekaa kwake.

Halafu akauliza, "Picha umekuja nayo?"

Nikaifungua. Akaisogelea sana, maana haoni vizuri. Akatazama kitenge, akacheka kidogo. Akatazama jino. Akafika kwenye macho, akakaa hapo.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, shangazi."

"Macho yangu umeyapeleka wapi?"

Eunice akajibu badala yangu. Kwenye simu ni mekundu, alisema, na kijiji kizima kimeyaona. Kesho watasema tumeyaficha. Watasema tuna kitu cha kuficha.

Sikuwa nimefikiria hata hilo. Nilidhani namwokoa.

Shangazi ana simu ya kitochi, video hajaiona. Akamwambia Eunice, hebu nioneshe. Eunice akanitazama mimi. Nikatazama chini. Akaiwasha.

Sauti yangu ikatoka. Usimtazame sana. Kicheko. Kicheko changu kinasikika juu ya vyote, kwa sababu nilikuwa karibu na simu.

Shangazi akaomba irudiwe. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kama anasikiliza matangazo ya vifo redioni.

"Sauti yako imekuwa ya baba yako," alisema.

Nikapiga magoti. Nikamwambia na lile ambalo halimo kwenye video, kwamba niliulizwa yeye ni nani kwangu na nikasema ni mama mmoja tu. Eunice akatoka nje. Shangazi akaenda jikoni. Nikamsikia anakohoa kwenye moshi. Akarudi na ugali na mlenda, akaniwekea mbele mimi kwanza, kama mgeni.

"Kula, unapoa."

Nimekula. Sijui nilikula vipi.

Jumamosi, 28 Septemba.

Naandika haraka, daftari liko gotini. Watu wanadhani nachora.

Alfajiri shangazi alitoa kigoda nje, akakiweka mbele ya mlango wake. Siyo jikoni. Nje, pale kila anayepita anaona. Akaketi. "Yarudishe."

Nikamwambia mkutano ni saa tatu. Akasema basi wahi.

Julai alipokaa alikuwa akitazama kuku, akitazama barabara. Leo ananitazama mimi. Na mimi siwezi kukwepa, kwa sababu macho hayachorwi bila kuyatazama. Nikatazama. Nikaona kitu ambacho Julai sikukiona kabisa: kope za juu zimegeukia ndani. Akipepesa, zinalikwaruza jicho. Kila akipepesa.

Nikamuuliza, zinauma?

"Tangu mwaka alioondoka Maganga. Usiku kama mchanga."

Siku saba nilikaa mbele yake Julai. Nikachanganya rangi, nikaupenda ule wekundu, nikafurahi mpaka nikakanyaga kuku. Sikuwahi kumuuliza kama yanauma.

Nimechora jicho la kushoto na kope zake. Ni kazi bora kuliko ya kwanza, naliona hilo, na sitaki kuliona.

Watu walianza kufika kabla sijamaliza. Mzee Ngassa na fimbo yake, sungusungu, vijana wengi wenye simu. Wanawake wamesimama mbali, upande wa kisima. Eunice ametandika mkeka, amekaa miguuni kwa shangazi, peke yake. Mzee amesema hawataanza bila mtendaji wa kata, na mtendaji hajafika. Kuna wanaosema haji. Kijana mmoja amesema kwa nini tusubiri. Mzee amegonga fimbo chini, lakini kijana hajarudi nyuma.

Amemuuliza shangazi kama ataanza yeye kusema. Shangazi amesema, "Ataanza Kalisti."

Kuna mtu nyuma amewasha video. Nimejisikia nacheka uani kwa shangazi yangu.

Nimekuwa nikipanga maneno. Nitasema jiko halina dirisha. Nitasema kope. Yote ni kweli na yote yanasikika kama ya msomi kutoka mjini. Inabidi nianze na lile jingine, nililosema Geita na kwa nini nililisema: watu walikuwa wananitazama na nilitaka waendelee. Hakuna namna ya kulipaka rangi hilo.

Donatus, baba wa mtoto, amejitenga na vijana. Anakuja. Watu wamempisha. Amesimama mbele ya kanvasi, karibu kabisa. Jicho moja jekundu, jingine bado jeupe. Ametazama picha, akamtazama shangazi, akarudi kwenye picha.

Shangazi amesogeza kanga kwenye mkeka, amemwambia, "Kaa, baba. Hujalala wewe."

Hajakaa. Hajaondoka. Macho yake yeye yamevimba, mekundu kabisa, na hapa uani hakuna anayemuuliza yana nini.

Mzee Ngassa ananiita. Ameniita tena. Brashi bado ina rangi. Nasimama