Mkeka Ulioniachia

Mpendwa mke wangu Ngalula,

Posta haipeleki tena barua Kasai, mkoa wa kwenu, kwa hiyo hii naiacha wazi, mtu yeyote anayekwenda upande huo akusomee. Atakayeisoma ataujua mgongo wangu na tumbo langu. Basi, na ajue. Tumbo langu halijawahi kuwa siri katika mtaa wetu huu, komini ya Kenya.

Unakumbuka ile asubuhi niliyoinama kuchukua kiatu nikakwama? Mkono mmoja umeshika kitanda, mwingine unatafuta kiatu, nami nawaita watakatifu wote ninaowajua. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unarudi kutoka kazini hospitali, kwenye wodi yako ya wazazi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukatandika mkeka.

"Lala, baba."

"Nilale saa hii? Bantu batasema nini?"

"Batasema muzee iko nalala. Lala!"

Mimi nilidhani mazoezi ni kukimbia uwanjani na vijana wa mpira. Mtu aliyekalishwa kitini na ofisi ya reli tangu ujana, akikimbia ataanguka, akianguka atachekwa, na kesho harudi. Wewe ulinianzisha chini kabisa, mahali ambapo hakuna pa kuangukia. Sakafu ilinibeba, kazi yangu ikawa kupumua tu. Magoti juu, mgongo ushikamane na mkeka, pumzi itoke taratibu huku kitovu kikiingia ndani, "kama unafunga suruali ya ndoa yetu," ulisema, ukijua vizuri ile suruali haifungiki tena. Hakuna kuruka, hakuna wa kushindana naye. Wale akina mama wa wodini, ambao hata kukaa ni shida, uliwaanzisha hivyo hivyo: kidogo leo, kidogo kesho, mwili uzoee wenyewe. Nilipotaka kuharakisha ulinigonga goti. "Bitekete." Polepole, kwa lugha ya kwenu. Ulilisema neno hilo mpaka pumzi yangu ikawa haitoki bila hilo.

Halafu risasi zikaanza mjini. Mtaa mzima ulilala chini, maana dirisha halikuwa salama kwa yeyote aliyesimama. Majirani walilala wakitetemeka, sisi tukalala tukipumua. Ukaninong'oneza, "Leo bote banafanya sport." Nilicheka huku meno yanagongana.

Kisha wakubwa wa mkoa wakaanza kuwafukuza watu wa Kasai, wakiwakusanya kambini kungojea treni ya kuwarudisha kwao. Mama yako asingeweza kukaa kambini peke yake, ukaenda naye, na kutoka kambini treni ikawachukua. "Nitamufikisha, nitarudia," ulisema. Tangu hapo kimya. Wapo wanaosema treni zote zilifika. Wapo wanaosema mambo ambayo siyaandiki hapa.

Nikitoka kazini natandika mkeka. Nyumba hii sasa ina pumzi mbili, Ngalula. Nikitoa yangu, nasikia nyingine karibu na ukuta, upande wako, ikichelewa kidogo, kama ulivyokuwa ukinisubiri. Najua, ni masikio ya mzee. Lakini sijageuka kutazama. Zoezi linataka shingo itulie.

Juzi neno lako likanitoka kwa sauti. Askari wa doria walikuwa wanapita mbele ya baraza, wakalisikia. Mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

"Nani iko ndani? Tumesikia Mukasai!"

"Ni miye tu, bandugu. Miye muntu wa Moba, mutoto wa hii mukoa. Minafanya sport."

Wakaniangalia: kaptula, jasho, tumbo. Mmoja akashindwa kujizuia. "Weye, papa? Sport?"

Mkubwa wao hakucheka. "Uko na bibi wa Kasai. Bote banajua. Unamuficha wapi?"

Ningeweza kuwaambia umeondoka, mtaa mzima ulikuona na mzigo kichwani. Nikawapisha. Wakaanza kutafuta, nyuma ya pazia, ndani ya kabati, jikoni kwenye masufuria ya kusongea bukari, ugali wetu, nami nawafuata nyuma, moyo unadunda, na si kwa kuogopa bunduki. Wao walikuwa na uhakika. Siku nyingi sijaona mtu mwenye uhakika kwamba umo ndani ya nyumba hii. Walipopiga magoti kuchungulia chini ya kitanda, nami nikainama pamoja nao. Niliinama hadi sakafuni bila kushika kiuno, bila kumwita mtakatifu hata mmoja.

Hapakuwa na mtu.

"Iko wapi basi?" akaniuliza yule mkubwa.

"Na miye njo naulizaka ile ile kila siku," nikamjibu.

Wakaondoka bila kufunga mlango.

Kaa salama, mke wangu, popote walipokushusha. Mgongo umepona. Sina tena kisingizio cha kukuita, nakuita hivi hivi tu.

Mume wako